Saa ya Yudith

Mzee Fanueli hakuwa mtu wa maneno hata mkewe alipokuwa hai. Yudith ndiye aliyesemea nyumba. Kanisani yeye, msibani yeye, kwa mwenyekiti wa mtaa yeye. Fanueli alikaa kando akaitikia kwa kichwa, na watu wakajua wameafikiana. Sasa Yudith hayupo, na Fanueli alikuwa na neno moja tu la kusema na kuaminiwa. Kila akilisema, lilimdondokea miguuni.

Neno lenyewe ni hili: sikumwacha.

Pongwe wanamjua. Toka ujana alikuwa mtu wa mkonge, kwenye mashine ya brashi, pale singa zinapochanwa hadi zilale zote njia moja. Shule hakuiona. Saa yake ilikuwa king'ora cha kiwanda; kikilia waliingia, kikilia tena walitoka. Alipoachishwa kwa uzee akabaki na jua, jogoo, na adhana ya msikiti wa jirani. Saa ya mkono hajapata kuvaa.

Yudith aliugua alfajiri ya Ijumaa. Kifua kilimbana, jasho likamtoka. Fanueli akabisha hodi kwa jirani yao Imakulata, kimya. Akatoka mbio kwenda barabarani kumwamsha Badru mwenye bajaji. Walipofika hospitali adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha. Jua lilipotoka, Yudith alikuwa ameshaondoka.

Marehemu alikuwa na simu ya vitufe, kiswaswadu. Ilianguka sakafuni kulekule hospitali, ikafa na mwenyewe. Siku ya kuanua matanga, Leticia, mtoto wao wa pekee, aliyeolewa Korogwe, alichomoa kadi ya kumbukumbu ya ile simu akaichomeka kwenye yake. Alitaka picha za mama yake. Akazipata, akazinakili kwenye simu yake, na kati ya nyimbo za kwaya akakuta na sauti.

"Leti, mwanangu. Vocha imekwisha, nakusemea humu humu. Kifua kinanibana. Baba yako hayupo. Niko peke yangu."

Basi. Baada ya hapo ni mkwaruzo, kisha kimya.

Leticia akatazama imerekodiwa lini. Alhamisi, 22:40. Akatoka nje na simu mkononi, mbele ya watu wote waliokaa kwenye majamvi.

"Baba, Alhamisi saa nne usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mama anasema hupo."

"Nilikuwepo. Nilitoka alfajiri kutafuta gari."

"Mama kaugua saa nne usiku. Hospitali mmefika kunakucha. Hizo saa zote za katikati alikuwa anahangaika na nani? Ulikuwa kilabuni?"

"Kilabu niliacha. Wajua."

"Mimi sijui kitu. Simu ndiyo inajua."

Badru akainuka kusema alivyoona yeye. Leticia hakumpa nafasi. "Wewe kaa chini. Mlikunywa wote miaka yote hiyo, leo utamsema nini?"

Badru akakaa.

Leticia akaichomoa kadi, akaiweka kwenye kiganja cha baba yake, akavikunja vidole vya mzee juu yake. "Kaa nayo," akasema. Jioni ile akarudi Korogwe bila kuaga, na toka siku ile hakumwamkia tena baba yake. Akipigiwa, hapokei. Akija kaburini, anapitia nyuma ya kanisa na kurudi zake.

Watu wanaweza kukunyima chakula, ukaomba kwa jirani. Shikamoo ya mwanao utaomba kwa nani?

Ilifika mahali Fanueli akaanza kujiuliza mwenyewe. Labda kweli Yudith aliita usiku ule na yeye kalala fofofo. Labda alitoka mara mbili, akasahau mara moja. Simu haina kilabu, haina uzee. Mtu asiyejua kusoma anabishanaje na kitu kilichoandikwa?

Badru ndiye aliyemwambia. "Kuna binti wa Kipemba pale Chumbageni, Mwatima. Simu ikifa, yeye anaifukua. Hata mawakili wanamwendea. Mpelekee hiyo kadi."

Akaenda.

Duka la Mwatima lilikuwa chumba kimoja cha mbele, kompyuta mbili, feni moja. Kibarazani alikaa Sele, muuza makava ya simu.

"Shikamoo, babu," Mwatima akasema.

Fanueli alichelewa kuitikia. "Marahaba."

"Karibu. Nikusaidie nini?"

Akaiweka kadi mezani. "Nataka kujua kama saa ya simu inaweza kusema uongo."

Sele akacheka huko nje. "Mzee, simu zote ni waongo! Yangu inaniambia nina dakika za kuongea, nikipiga inasema salio halitoshi!"

"Sele, chunga makava yako." Mwatima akavuta kiti. "Kaa, babu. N'ambie ilivyokuwa."

Fanueli akamwambia. Mke, alfajiri, bajaji, kadi, mtoto. Hakuchukua muda. Mwatima akangoja aendelee, kisha akaona ndiyo yameisha.

"Simu yenyewe iko wapi?"

"Imekufa." Akaitoa mfukoni, kioo kimepasuka katikati. Mwatima akaibonyeza, akaigeuza, akairudisha.

"Basi tuna kadi tu. Sikiliza, babu. Kwanza nainakili kadi yote kama ilivyo, mpaka vilivyofutwa. Halafu hii yenyewe naitia kwenye bahasha, siigusi tena. Kazi nitafanya kwenye nakala. Nikizichezea faili za kwenye kadi, naweza kuzibadilisha saa bila kujua, tukaja kulaumiana."

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na maandishi meupe yakaanza kutambaa. Fanueli akasogea. Hapakuwa na picha, wala rangi, wala kitu cha kubonyeza.

"Ndo hiyo?"

"Ndo hii. Haina mapambo. Unaiandikia amri, inajibu. Ukikosea herufi moja inakutukana."

"Waiambia nini?"

"Naiambia, nitajie kila faili lililomo. Lilizaliwa lini, lilibadilishwa lini, lilifunguliwa lini. Halafu zipange zote mstari mmoja, kwa muda wake. Picha, nyimbo, sauti, hata kilichofutwa kikae mahali pake."

Fanueli akatazama mistari ikishuka. Hilo alilielewa. Unatia fundo la singa limesokotana, mashine inachana, zinatoka zimelala njia moja.

"Brashi," akasema.

"Nini?"

"Endelea."

Mwatima akaendelea, hadi akafika kwenye ile sauti. Akakunja uso, akahesabu kwa vidole. "Babu, kumbe hapa pana kitu. Kompyuta yangu hii inahesabu saa za Uingereza. Sisi tuko mbele yao kwa saa tatu. Kwa hiyo ile sauti si ya saa nne. Ni ya saa saba na dakika arobaini usiku."

"Saa saba nilikuwa nimelala naye."

"Ndiyo, lakini si imesogea?"

"Imesogea," Fanueli akakubali.

Siku ile alirudi Pongwe akala vizuri. Kama saa inaweza kusogea kutoka nne hadi saba, akaona, na mbele itasogea. Kesho yake Mwatima akampigia Badru, Badru akamleta mzee kwa bajaji hadi mlangoni.

"Nilikosea, babu. Kadi za simu hizi ndogo hazijui mambo ya Uingereza. Zinaandika vilevile saa inavyosoma kwenye simu. Sikupaswa kuongeza kitu." Akamtazama. "Ni saa nne ileile."

"Jana ilikuwa saba."

"Jana nilikosea."

"Kesho itakuwa ngapi?"

Mwatima akageukia kioo, akaanza upya.

Ikawa ni njoo kesho. Akija, umeme umekatika, wako nje wote wanajipepea. Akija tena, pana wakili ana haraka zake na amekalia kiti chake. Siku nyingine Mwatima kaandika amri, programu imekataa, kaandika tena, imekataa tena, naye anaisema kompyuta kwa Kipemba maneno ambayo Fanueli alifurahi hayaelewi. Mzee alikaa kona yake na kofia magotini. Hasira alikuwa nayo, ila hakujua aipeleke wapi. Kwa binti anayehangaika? Kwa Leticia? Kwa marehemu, aliyesema maneno ya kweli tupu? Baba yako hayupo. Hakuwepo, kweli. Kila mtu alisema kweli, na kweli zote zilimwangukia yeye.

Kisha Mwatima akaligundua jambo la kuku.

"Tazama hapa, babu. Hii ni picha ya kuku. Jua linawaka, vivuli hivi hapa chini. Unajua imeandikwa saa ngapi? 02:05. Hiyo ni saa nane za usiku! Kuku gani wanaota jua saa nane za usiku?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo saa ya simu hii ni mbovu. Hizi simu ukitoa betri, saa inapotea, inaanza inapotaka. Naweza kumwambia mwanao kwamba haiaminiki."

"Na alfajiri?"

"Alfajiri siwezi kusema. Sijui, babu. Ikiwa mbovu ni mbovu. Sauti ile inaweza kuwa ya alfajiri, inaweza kuwa ya saa nne kweli, inaweza kuwa ya Jumatano. Siwezi kusema nisilolijua."

"Atasema nimekufundisha."

"Huenda akasema."

Fanueli akainuka, akavaa kofia. Alifika mlangoni. Akarudi.

"Nionyeshe picha."

"Zipi?"

"Zake. Sijapata kuziona."

Mwatima akafungua ile ya kuku, akaikuza ikajaa kioo. Uani kwao. Mtungi, banda, kuku weupe watatu, na pembeni chini, kidole gumba cha mguu wa Yudith na ncha ya khanga yake. Alikuwa hajui kupiga picha, siku zote anajikata mwenyewe. Fanueli akatazama kile kidole.

"Hapa anawapa kuku pumba," akasema. "Kila siku. Saa mbili, akimaliza kufagia."

Mwatima akafungua nyingine. Wanakwaya wa bluu wakishuka ngazi.

"Wanatoka kanisani. Ibada ya pili. Saa tano."

Nyingine. Mzee amelala kwenye kiti cha kamba, kinywa wazi, nzi kwenye shavu. Ni yeye Fanueli. Hakujua kama alipigwa picha ile.

Sele alikuwa ameingia kuchungulia. "Lahaula! Mzee, huyu nzi ulimlipisha kodi?"

Fanueli nusura acheke. "Mchana hapo. Nimekula. Mie nalala saa nane."

Mwatima hakucheka. Alikuwa anatazama ile mistari, kisha picha, kisha mistari. "Kuku, saa mbili," akasema polepole. "Imeandikwa 02:05. Kwaya, saa tano. 05:10. Usingizi, saa nane. 08:15." Akageuza kiti kizima. "Babu, nani aliyekuwa anaiweka saa ya simu hii?"

"Mwenyewe. Betri ikichomoka, anasikiliza redio. Wakitangaza saa, anabonyeza."

"Redio ikisema sasa ni saa mbili kamili asubuhi, anabonyeza ngapi?"

"Mbili," Fanueli akasema. "Abonyeze ngapi?"

Mwatima akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Abonyeze nane, babu! Simu inaanza kuhesabu usiku wa manane. Saa mbili ya asubuhi kwake ni nane. Simu inataka nane, mkeo kaipa mbili."

"Ni saa mbili," Fanueli akasema. "Kila mtu ajua ni saa mbili."

"Kila mtu ajua, ila simu haijui! Na mie nnayejifanya fundi, bibi yangu kule Wete saa yake ya ukutani iko vilevile, nimeiona tangu mdogo, na bado nimekaa hapa natukana kompyuta." Akavuta pumzi. "Simu yake iko nyuma saa sita. Siku zote. Haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inasema saa kama tunavyosema sie."

Lakini hakuridhika. Akashuka tena kwenye mistari, akitafuta picha ambayo mtu hawezi kuibishia. Akaipata. Uwanja wa kanisa, giza linaanza kufifia, watu wameshika mishumaa.

"Na hii?"

"Pasaka. Ibada ya alfajiri. Huyu hapa Leti, alikuja kwa sikukuu. Huyu mwenye mshumaa."

"Imeandikwa Jumamosi, saa tano na dakika hamsini za usiku. Ongeza sita." Akaongeza kwa vidole, mbele yake, ili mzee aone. "Jumapili, saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri. Pasaka yenyewe. Umeona? Mpaka siku imerudi nyuma. Sasa ile sauti. Alhamisi saa nne na dakika arobaini usiku. Ongeza sita."

Fanueli hakuhesabu. Alimtazama usoni.

"Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini. Alfajiri, babu."

"Ndipo nilipotoka."

"Ndipo ulipotoka. Zile saa za katikati anazokuuliza mwanao, hazikuwahi kuwepo."

Mtu angedhani atafurahi. Fanueli alikaa chini akaivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Miezi yote hii amezibeba saa ambazo hazikuwepo. Amezitembelea moja moja, akitafuta alikuwa wapi. Kidogo tu azikubali. Kwa ajili ya kitufe.

"Mpigie," akasema. "Mie nikipiga hapokei."

Mwatima akapiga kwa simu yake, akaweka sauti nje. Leticia akapokea. Aliposikia ni jambo gani, sauti ikabadilika.

"Kakutuma yeye?"

"Kakaa hapa tu, dada. Hata kuongea haongei."

"Ndiyo kawaida yake. Dada, usijisumbue. Mimi nimeona kwa macho yangu, imeandikwa."

"Ni kweli imeandikwa. Nnakuomba kitu kimoja. Picha za mama unazo? Itazame ile ya Pasaka, ya mishumaa. Na wewe umo."

Leticia akaitafuta. "Ninayo."

"Imeandikwa lini?"

"Jumamosi. Saa tano na... saa sita kasoro usiku."

"Jumamosi hiyo, saa sita kasoro usiku, ulikuwa wapi?"

"Nimelala! Nilikuwa nyumbani kwa mama, nimelala. Kanisani tulikwenda alfajiri ya Pasaka, hata..."

Akaishia hapo. Mwatima hakumsukuma. Akamweleza taratibu habari ya redio, na mbili, na nane. Leticia hakumkatiza hata mara moja. Mwisho akasema, "Mpe baba."

Fanueli aliishika simu juu chini. Sele akamgeuzia.

"Kwa nini hukumwita mtu akae naye?" Leticia akauliza. Sauti ilikuwa bado ngumu.

"Nilibisha kwa Imakulata. Alikuwa Muheza."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

Huko Korogwe kukasikika mtu anapenga kamasi. Chumbani mle feni ikazunguka. Sele akajifanya anapanga makava.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Fanueli akasema. Alikuwa na mengine ya kusema. Aliyapanga miezi yote ile, kwenye kiti cha kamba, moja baada ya jingine. Akafungua kinywa yatoke, na simu ikakatika.

Mwatima akaichukua, akaitazama. "Vocha imekwisha," akasema, kisha akaonekana angependa kuyarudisha maneno yale.

Sele alikuwa ameshachomoka kwenda kununua. Fanueli akamzuia kwa mkono. "Mwache. Atapiga." Kama atapiga leo au kesho, hakujua. Hasira nayo haikwenda popote, ilikuwa palepale chini ya mbavu. Lakini alikuwa ameamkiwa.

Mwatima akamrudishia bahasha yenye kadi. "Hizi saa naweza kukurekebishia kwenye nakala, babu. Nikasogeza zote kwa saa sita, zikae sawa."

"Ile ya kuku itasomaje?"

"Nane."

"Anawapa saa mbili," Fanueli akasema. Akaitia bahasha mfuko wa ndani wa koti. "Usiguse."